Bahari imesogea bila mtu kuiona: Kiingereza chake ni kipi? Nimerudishiwa kazi mara tatu

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tusaidiane jambo la lugha. Nitaandika kirefu, asiye na muda apite tu.

Kazi yangu ni kutafsiri. Mwezi uliopita nilipewa rekodi za sauti za wazee wa kijiji kimoja cha pwani, kusini mwa Tanga, wakieleza bahari ilivyokula ufukwe wao. Natakiwa kuzigeuza Kiingereza ziingie kwenye ripoti. Rekodi ziko kumi na moja. Kumi zimepita vizuri, hii moja ndiyo imeninyima usingizi.

Ni mzee mmoja, sauti imekauka ila haitetereki. Anaulizwa: bahari ilianza kusogea lini? Anacheka kwanza. Halafu anasema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Lini? Mwanangu, sisi hatukuiona ikija. Ilikuja polepole, kidogo kidogo. Tulichokuwa tunafanya ni kusogeza kichanja. Kila kaskazi kichanja kinarudi nyuma hatua moja. Leo nikikaa barazani nasikia mawimbi yananipigia hodi, ndiyo najiuliza: kwani mimi nilihamia baharini lini?"

(Kichanja ni kile cha kuanikia dagaa, na kaskazi ni msimu wa upepo utokao kaskazini.) Nikaandika "It came slowly slowly, small small." Mhariri akapiga mstari mwekundu, akasema hicho si Kiingereza. Nikaweka "slowly". Akasema hapana, "slowly" inamaanisha kuna mtu alisimama akaitazama ikija, na mzee anasema hakuna aliyeiona. Haya, nikaweka "gradually". Akasema maana imekaribia ila hiyo ni sauti ya ofisi. Nikaona isiwe tabu, nikampelekea "imperceptibly". Akanijibu kwa swali moja tu: huyu mzee ndivyo anavyoongea?

Sasa nauliza. Wenye lugha yao, jambo likibadilika taratibu kiasi kwamba hakuna anayeliona, wanasemaje? Kamusi ninazo tatu, msinielekeze kwenye kamusi.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa. Kahawa ipo, kashata zipo. Waje wataalamu.

#3 Jirani wa Namanga

Huyo mhariri anakusumbua bure. Huku Kenya tunasema "slowly by slowly" na dunia haijaanguka. Kampala nimeisikia, Kigali nimeisikia. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa anaisema kila siku na ndiye aliyenifundisha hicho Kiingereza.

#4 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa.

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31 na hili nimelisahihisha hadi kidole kikaota sugu. Tatizo lako si msamiati. "Polepole" yetu imebeba mizigo mitatu kichwani: mwendo mdogo, kiasi kidogo, na mtu kutoshtuka. Kiingereza kimeigawa mizigo hiyo kwa wapagazi mbalimbali, na wapagazi wenyewe hawasaidiani.

"Slowly" amebeba mwendo basi. Kobe anatembea "slowly" na wewe umesimama unamwangalia. Mhariri wako hakukosea, neno hilo linataka shahidi. "Gradually" limetoka kwenye gradus, neno la Kilatini la hatua au kidato cha ngazi. Linasema jambo lilipita vidato vingi, halikuruka. Kama uliviona hivyo vidato au hukuviona, halijali. "Subtle" halina mwendo kabisa. Ni kitu kisichokamatika kirahisi, kama iliki kwenye chai ya mpishi anayejua kazi yake. Jambo linaweza kuwa "subtle" na likatokea kwa sekunde moja. "Slight" ni dogo lakini umeliona. "Negligible" ndipo vijana wangu walipokuwa wanaangukia kila mwaka: hilo umeliona, umelipima, kisha ukaamua halina uzito. Ukaandike kwamba bahari imesogea kwa kiasi "negligible", mzee akipata habari atakufukuza barazani kwake.

"Imperceptible" ndilo linalosema kweli kwamba hakuna jicho lingeona. Lakini ni neno la maabara na la watunzi wa riwaya. Mvuvi wa Kiingereza halitamki.

Kuna pia "by degrees", msemo mzuri wa kizamani, maana yake hatua kwa hatua. Kijana mmoja aliwahi kunitafsiria "his anger cooled by degrees" kuwa hasira zake zilipoa kwa nyuzijoto. Nilimpa nusu alama kwa kunichekesha.

Sasa sikiliza. Mwingereza wa mtaani akitaka kusema unachokitaka wewe hahangaiki na kielezi. Anachagua kitenzi. "Creep" ni kutambaa, kunyata. Bei "creep up", maji "creep up" ufukweni, na uzee "creeps up on you". Hiyo "on you" ya mwisho usiidharau, ndiyo inayosema ulikuwa umegeuza mgongo. "Drift" ni kwenda na mkondo bila kasia: marafiki wawili "drift apart", hawakugombana, wala huwezi kutaja siku. "Seep" ni kupenya kama maji kwenye ukuta wa udongo. "Dwindle" ni kupungua kuelekea kwisha. "Inch" ni ile inchi ya sentimita 2.54 iliyogeuzwa kitenzi: foleni "inches forward". Na nyie wa pwani mtafurahi, "ebb" ni maji kupwa. Nguvu za mgonjwa "ebb away", zinakupwa. Umewahi kukaa ufukweni ukaona maji yakikupwa? Huyaoni. Unaona mwamba ambao haukuwepo ulipowasha sigara.

Na usiniambie Kiswahili hakina. Tuna kulika, kumomonyoka, kuchuja, kupauka, kunyemelea, kujongea. Mzee wako alikuwa nayo yote mfukoni, na bado akachagua kusema kichanja. Hilo ulifikirie.

#5 Mwalimu Mstaafu

Nimesahau kumjibu Jirani. Kiingereza nacho hurudia neno, ila kina utaratibu wake. Kikirudia jina, katikati kinatia "by": "little by little", "bit by bit", "inch by inch", "day by day". Kikirudia sifa ya kulinganisha kinatia "and": "closer and closer", "smaller and smaller". "Slowly" ni kielezi, kwa hiyo wenyewe husema "slowly but surely". Hiyo ya kwenu ni polepole iliyovalishwa kanzu ya "little by little". Ni Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki na sioni aibu nacho. Lakini kwenye ripoti itakayosomwa London, msomaji atadhani mzee anafanyiwa mzaha.

#6 Jirani wa Namanga

Mwalimu nimekubali. Ila hiyo kanzu inatukaa.

#7 Koti Jeupe

Mmesahau neno letu la wodini. Sisi tunaandika "insidious onset", ugonjwa ulioingia bila kubisha hodi. Mwalimu atanisahihisha, lakini mzizi wake ni insidiae ya Kilatini, yaani kuvizia. Kwa Kiswahili ningesema ugonjwa wa kunyemelea.

Niwape picha. Alikuja baba mmoja, anasema ameanza kuumwa juzi. Kiu, kukojoa usiku, mwili hauna nguvu. Nikamwambia avue shati nimpime. Nikaona mkanda wa suruali. Una matundu matano ya kiwandani, na mbele yake matatu mengine yametobolewa kwa msumari. Tundu la kwanza la msumari limeshalegea na kupanuka, la pili limekaa vizuri, la tatu bado lina nyuzi za ngozi. Nikamuuliza haya umetoboa lini? Akayaangalia kama anayaona leo. Sukari ilikuwa imempunguza mwili miezi mingi, na kila mara alitoboa tundu akaendelea na shughuli zake.

Presha ya macho ndiyo mbaya zaidi. Aina yake iliyozoeleka haiumi. Inaanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona, katikati panabaki safi, kwa hiyo mgonjwa anasoma gazeti kama kawaida. Siku anayokuja anasema amegonga fremu ya mlango. Kilichokwisha kuondoka hakirudi.

Angalizo kwa mleta uzi: "insidious" ni ya mabaya tu. Huwezi kusema mtoto wangu amepata akili kwa namna "insidious". Watu watakuangalia.

#8 Siti ya Mbele

Si ndiyo ile ya chura kwenye sufuria? Ukimtia kwenye maji ya moto anaruka, ukimtia kwenye ya baridi ukachochea moto taratibu anatulia hadi anaiva. Wazungu wanaipenda sana hiyo. Aandike "like a boiling frog" amalize.

#9 Fundi Sanifu

Hiyo hadithi ina kasoro. Mwaka 1869 Mjerumani mmoja, Friedrich Goltz, alilijaribu jambo hilo katika utafiti wake wa mishipa ya fahamu. Chura aliyetulia kwenye maji yanayopashwa moto ni yule aliyekuwa ametolewa ubongo. Aliye mzima alianza kuhangaika kutoka maji yalipofika nyuzi 25 tu za joto. Yaani bado ni maji ya kuoga.

Kwa hiyo ukimfananisha mzee na chura huyo, umemwita hana ubongo.

#10 Siti ya Mbele

Nimekaa chini.

#11 Mama Maandazi

Mimi Kiingereza changu cha darasa la saba lakini hili nalijua kwa vitendo, na leo nitubu hapa kwa kuwa hamnijui.

Andazi langu ni shilingi 200. Unga ulipopanda sikupandisha bei, maana jirani yangu hakupandisha, ningekosa wateja. Nilipunguza donge. Sikupima kwa mizani, kwa mkono tu. Wiki ya kwanza kimya. Baada ya miezi kadhaa unga ukapanda tena, nikapunguza tena. Hakuna aliyesema kitu. Kilichoniumbua ni bakuli. Nina bakuli la plastiki la bluu, zamani andazi moja lilikuwa linaziba kitako chake, siku hiyo mtoto wa shule kaniuliza, "Mama, bakuli umenunua kubwa?"

Hilo Kiingereza wanaliitaje?

#12 Fundi Sanifu

Mama, lina jina: "shrinkflation". Wameunganisha kusinyaa na mfumuko wa bei. Viwanda vya sabuni na biskuti duniani kote wanakufanyia hivyohivyo, usijione peke yako mwenye dhambi.

Na kwa nini hawakukushtukia, maelezo yake ni ya zamani. Mwaka 1834 Ernst Heinrich Weber wa Leipzig alichapisha majaribio yake ya watu kubeba uzito. Akagundua kinachotufanya tushtuke si kiasi kilichoongezeka, ni uwiano wake na kile ulichokuwa umeshika mwanzo. Shika kilo moja ya sukari, nikiongeza gramu tano hutajua. Shika andazi la gramu hamsini, nikitoa gramu tano huenda ukajua. Kile kipimo kidogo kabisa ambacho mtu ndipo anapoanza kuhisi tofauti, Kiingereza kinakiita "just noticeable difference". Wewe ulikuwa unacheza chini yake kila safari. Mtoto hakukumbuka andazi la zamani, alikuwa na bakuli la kulinganishia.

#13 Mama Maandazi

Kwa hiyo nibadilishe bakuli.

#14 Mpanda Mlima

Mkihitaji neno la kulalamikia ofisi, lipo "glacial". Faili likikaa mezani kwa mtu miezi, wanasema linakwenda "at a glacial pace", kwa mwendo wa mto wa barafu wa mlimani. Mimi nabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro na neno hili sasa linanichekesha kwa uchungu. Ukilinganisha na ramani ya mwaka 1912, barafu ya kule juu imeshapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wagumu, yaani wapagazi, wa zamani tuliokuwa nao kazini wanakuonyesha kwa kidole: pale palikuwa na ukuta wa barafu, pale tulikuwa tunapita pembeni. Kijana aliyeanza mwaka jana anaona mlima uko sawa tu, ndivyo alivyoukuta.

#15 Mtoto wa Ngalawa

Mpanda Mlima umegusa penyewe. Hiyo ya kijana kuona kila kitu kiko sawa kwa sababu ndivyo alivyokikuta, wataalamu wa uvuvi wameipa jina tangu 1995. Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha watafiti wa samaki kinachukua hali kilichoikuta kuwa ndiyo hali ya kawaida, kikapima upungufu kuanzia hapo. Kiingereza chake "shifting baselines". Kwa lugha ya kwetu, mstari wa kupimia nao unatembea.

Babu yangu akisema samaki changu mkubwa anaonyesha mkono hadi kwenye kiwiko. Baba anaonyesha hadi kifundo. Mimi naonyesha kiganja, na wote watatu tunasema "mkubwa" bila kudanganya.

Nitarudi kuhusu kichanja, natoka kazini kwanza.

#16 Msoma Magazeti

Naongeza moja la haraka. "Mission creep": jeshi linatumwa kwa kazi moja, kazi inaongezeka kidogo kidogo hadi wanajikuta kwenye vita ambayo hakuna aliyeiagiza. Magazeti ya Marekani yalianza kuliandika mwaka 1993, habari zenyewe zikiwa za Somalia, hapa jirani. Siku hizi wakandarasi wana "scope creep" yao. Unaanza kujenga choo, unamaliza na ghorofa.

Na kwenye kurasa za uchumi bei ikipanda kidogo sana wanasema "edged up" au "ticked up". Hizo zimeonekana na kupimwa, hazimfai mzee.

#17 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, sikutegemea uzi ungefika huku. Mwalimu, shikamoo, hii nimeitoa kweli.

Nimekaa na daftari tangu saa mbili. Nimejaribu hivi: "We did not see it coming. It crept up on us, and before we knew it the sea was at the door." Naona imekaa kizungu. Nitume?

#18 Mwalimu Mstaafu

Usitume! Marahaba, lakini usitume.

Umeingia mitego miwili kwa mguu mmoja. "We did not see it coming" ndiyo "hatukuiona ikija" neno kwa neno, sikatai. Ila kwao huo ni msemo wa kushtukizwa. Bosi amefukuzwa kazi ghafla, "I didn't see it coming". Ni jambo ambalo hukulitegemea. Mzee hasemi hakulitegemea, anasema jicho halikukamata mwendo. Na "before we knew it" maana yake kufumba na kufumbua. Ni msemo wa haraka! Likizo imekwisha "before we knew it". Sisi tuna "tukajikuta", ambayo haijali kama ni haraka au taratibu, ndiyo maana umeteleza.

Sentensi yako sasa inasema: tulishtukizwa, ikatunyatia, kufumba na kufumbua iko mlangoni. Umetengeneza tsunami.

#19 Jirani wa Namanga

😂😂 Mleta uzi ameua kijiji kizima.

Lakini mwalimu, "crept up on us" peke yake si inatosha?

#20 Mwalimu Mstaafu

Inatosha kwa maana. Lakini "creep up on" ina ubaya ndani yake, kama mwizi au paka. Mleta uzi ametuambia mzee alianza kwa kucheka. Sijaisikia rekodi, yeye ameisikia. Aamue kama mzee anaishtaki bahari.

#21 Kalamu Butu (mleta uzi)

Haishtaki. Anaiongelea kama jirani aliyeomba pa kukaa siku mbili.

#22 Mtoto wa Ngalawa

Nimerudi. Mimi nimekulia kwenye vichanja, ngoja niseme ninachokijua.

Kichanja cha dagaa ni nguzo za mikoko, juu fito, juu ya fito wavu uliochakaa. Dagaa wakishachemshwa wanamwagwa pale wakauke. Kinatakiwa kikae juu ya mchanga mkavu, maana mchanga ukilowa unatoa mvuke kwa chini, dagaa wanakuwa wekundu na bei inaanguka. Sasa angalia kinachotokea. Unakuja asubuhi baada ya bamvua, unakuta nguzo za mbele zimelowa kwenye kitako. Husemi bahari imesogea. Unasema leo maji yalikuwa makubwa. Unang'oa nguzo mbili, unazirudisha nyuma, mnaendelea na kazi. Ni dakika kumi. Mwaka unaofuata hivyohivyo. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuitisha kikao kwa sababu ya nguzo mbili.

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, wazee wetu walikijua kina miti na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Waulize wavuvi kilizama siku gani. Kila mmoja atakuambia mara ya mwisho alipofunga ngalawa kwenye mti.

Ndiyo maana nasema mzee ameshakufanyia kazi. "Polepole, kidogo kidogo" aliisema ili amridhishe aliyemuuliza. Jibu lake ni kichanja. Toa kielezi chote. Acha nguzo zitembee.

#23 Fundi Sanifu

Napinga kidogo. Ripoti inasomwa na mtu wa ofisini ambaye hajawahi kuona kichanja. Ukitoa kielezi atajuaje kwamba hakuna aliyeona? Ataona watu wanahamisha meza za dagaa tu.

#24 Mtoto wa Ngalawa

Amwambie mara moja kwamba hakuna aliyeiona ikisogea. Mara moja. Akirudia na kuongeza kielezi juu yake, msomaji anaanza kumuona mtafsiri badala ya mzee.

#25 Mwalimu Mstaafu

Hapo Fundi na Mtoto wa Ngalawa wote wamepata. "Saw it move", si "saw it coming". Neno moja tu limebadilika na mtego umeruka. Mleta uzi, andika.

#26 Kalamu Butu (mleta uzi)

Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Hii ndiyo imebaki:

"When? My child, none of us ever saw it move. We moved the drying racks, that was all. Every kaskazi we took them back a step. Now I sit on my baraza and hear the waves asking to come in, and I ask myself when it was that I moved into the sea."

"Kaskazi" na "baraza" nimeziacha kama zilivyo, maelezo nitaweka pembeni. "Slowly" hakuna. "Gradually" hakuna. "Hodi" imenisumbua, Kiingereza hakina hodi, wana kugonga mlango tu, na bahari haina ngumi. Nimeweka "asking to come in".

#27 Koti Jeupe

Nimeisoma mara mbili. Ile "move" ya mwanzo na "moved" ya mwisho, ulikusudia?

#28 Kalamu Butu (mleta uzi)

Ningependa kusema ndiyo.

#29 Jirani wa Namanga

Tuma sasa kabla mwalimu hajapata mtego mwingine.

#30 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Mhariri amepitisha. Hakuna wino mwekundu hata tone. Ila ameuliza swali moja, kwamba watu wa takwimu wanataka kujua "a step" ya mzee ni kiasi gani, ili walinganishe na picha za setilaiti.

Nimempigia mjukuu wake ambaye ndiye alikuwa anashika kinasa sauti. Akamuuliza mzee. Mzee amesema sisi ndio tumekosea. Hatua aliyosema si ya kutembea. Ni ya kupimia, unyayo kwa unyayo, kisigino kinagusa kidole. Ndivyo walivyokuwa wanapima nguzo.

Kwa hiyo "a step" imekufa. Nikiandika "a foot" watasoma futi.

#31 Fundi Sanifu

Na futi ni sentimita 30.48, mguu wa mzee haufiki huko. Andika "the length of my foot". Halafu muulize mjukuu, babu anavaa namba ngapi? Tutapiga hesabu.

#32 Kalamu Butu (mleta uzi)

Mjukuu amejibu. Malapa ya sasa ni namba 9. Anasema zamani babu alikuwa anavaa 8, na mwenyewe hakumbuki zilianza kumbana lini.